Maji huja usiku na mama mkwe hawezi kutembea: tujiandae vipi?

Swali: "Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, tumepanga vyumba viwili Kigogo, Dar es Salaam, chini huku karibu na mto Msimbazi. Mume wangu anaendesha bajaji na usiku mara nyingi yuko barabarani. Tunaishi na mama mkwe, amepooza upande mmoja. Kila msimu wa masika ukikaribia tunaambiwa tuchukue tahadhari. Mtandaoni nimeona orodha ya vitu vya kununua ili kujiandaa na maafa: jenereta, vyakula vya kopo, begi maalumu. Hela hiyo sina. Masika iliyopita tuliamka godoro la watoto limeshalowa. Naomba uniambie kwa lugha nyepesi, hiyo tahadhari mtu kama mimi anaichukuaje?"

Marahaba, dada yangu. Swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja, maana linatuhukumu sisi tunaofanya kazi ya maafa. Miaka nenda miaka rudi tunasimama mbele ya watu tunasema "chukueni tahadhari", kisha tunapanda gari tunarudi zetu, hatujasema tahadhari hiyo inakaa wapi wala inashikwaje mkononi. Nitajaribu kulipa deni hilo hapa.

Ile orodha iweke kando kwanza. Katika mitaa ya mabondeni niliyofanya kazi, familia zilizotoka salama ni zile zilizokuwa zimeshakubaliana mambo matatu mchana kweupe, watu wamekaa, wana akili zao: tunatoka maji yakifika wapi, nani anambeba nani, na tunakwenda nyumba ipi. Usiku, maji yako miguuni, umeme umekatika, mtoto analia, hapo hakuna anayeamua vizuri. Mmoja anainua kabati, mwingine anatafuta cheti cha mtoto, mwingine anampigia mumewe ambaye simu yake haipatikani. Hivyo dakika 10 zinapotea, na katika mafuriko ya mto dakika 10 ni nyingi sana.

Tuanze na mto wenyewe. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, unapita Vingunguti na Tabata, na ukifika kwenu Kigogo umeshapokea maji ya vijito na mifereji mingi ya jiji, ndipo unashuka Jangwani na kuingia baharini pale daraja la Salenda. Kwa hiyo mvua inayokuletea maji chumbani si lazima iwe ile unayoisikia juu ya bati lako. Inaweza kunyesha Pugu saa tatu mfululizo, Kigogo kuna manyunyu tu, watoto wamelala, na mto unapanda. Watu wengi wa bondeni wanapima hatari kwa sikio, wanasikiliza bati. Bati la Kigogo haliwezi kukupa habari za Pugu.

Kwa sababu hiyo kitu cha kwanza ninachokuomba ukitafute ni mtu. Tafuta mtu anayeishi juu ya mto: Pugu, Kinyerezi, Vingunguti, popote ambapo maji hupita kabla ya kufika kwenu. Anaweza kuwa ndugu, mteja wa mumeo, au mama mnayesali naye. Mwombe jambo moja tu: mvua ikiwa kubwa kwake, au akiona mto umejaa, apige simu hata kama ni saa nane za usiku. Wewe nawe uwe na mtu wa chini yako, Jangwani au Mchikichini, wa kumpigia. Madereva wenzake mumeo wametapakaa jiji zima usiku kucha, na kundi lao la simu linaweza kukupa habari za mto mapema kuliko mtu yeyote. Mwambie aliongelee hilo kijiweni wiki hii.

Pili, taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. TMA wana maneno matatu, na watu wengi huyasikia kana kwamba ni neno moja. Angalizo lina rangi ya njano. Tahadhari ina rangi ya chungwa. Tahadhari kubwa ni nyekundu. Wanaposema mvua kubwa, wanakusudia mvua inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita 50 zinasikika kama si kitu, lakini piga hesabu: ni lita 50 kwa kila mita moja ya mraba. Bati la chumba cha mita 3 kwa 3 linapokea lita 450 siku hiyo, zaidi ya madumu 22 yale ya lita 20. Sasa fikiria bati za mitaa yote kuanzia Pugu, na lami yote, na viwanja vyote vilivyosakafiwa ambavyo havinywi hata tone.

Kila neno kati ya hayo matatu lifungie kazi yake nyumbani kwako. Likitoka angalizo, simu zote zichajiwe, madumu yajazwe maji safi, na ile ndoo nitakayokueleza iwekwe karibu na mlango. Pia umpigie yule mtu wako wa juu kumkumbusha. Ikitoka tahadhari ya rangi ya chungwa, mama mkwe analala kwingine usiku huo. Nakuomba usisubiri uone mawingu. Ikitoka nyekundu, hakuna mtu anayelala kwenye vyumba vile, wewe, watoto, wala mumeo akirudi alfajiri amechoka. Zipo siku mtakazohama na mvua isinyeshe. Mtarudi asubuhi na mikeka yenu, jirani atacheka kidogo. Mvumilieni.

Hapa kwa mama mkwe nitakaa, kwa sababu naona ndiye anayekunyima usingizi, na una haki. Mtu aliyepooza hatoki kwenye maji kwa kusaidiwa kutembea. Anabebwa. Maji yakishakuwa ya magoti na yanakimbia, watu wawili waliombeba mtu mzima wataanguka wote watatu. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 tu, juu kidogo ya kifundo cha mguu, yanaweza kumwangusha mtu mzima mwenye nguvu zake. Sentimita 30 zinatosha kuinua gari dogo, sembuse bajaji ya mumeo. Kwa hiyo yeye ni wa kuondoka kwanza, tena nchi ikiwa bado kavu. Na hapo ndipo bajaji inakuwa mali: jioni, tahadhari imetoka, mumeo kabla hajaenda kazini anampeleka mama kwa ndugu aliye mahali pa juu. Ongeeni na huyo ndugu sasa, kabla ya masika, kwa heshima zote, mkiwa na mama mwenyewe. Wazee wengi hukataa kuhama kwa sababu hakuna aliyewauliza. Nimewahi kukutana na mzee aliyeshikilia kitanda chake kwa mikono miwili, na kumbe alichohofia ni kufika ugenini bila beseni lake la haja. Tulipolitia lile beseni kwenye mfuko wake alikubali mara moja. Muulize mama anahitaji nini ili alale kwa watu bila aibu. Dawa zake, kama anatumia za presha, ziwe na akiba ya angalau wiki moja, na karatasi yenye majina ya dawa hizo ikae pamoja nazo.

Siku ambayo maji yatawawahi kabla hamjamhamisha, njia rahisi ninayoijua ni kiti cha plastiki chenye mikono: mama anakaa, anafungwa kiunoni na kifuani kwa khanga mbili, watu wawili wanashika huku na huku. Wewe peke yako hutaweza. Kwa hiyo unahitaji majina mawili ya vijana au wanaume wa nyumba jirani, waliokubali kwa midomo yao kwamba usiku ukiita watakuja moja kwa moja kwako. Kila mmoja wao awe na namba yako, na mmoja wao awe ni mtu asiyefanya kazi za usiku. Usihesabu mumeo katika mpango wa usiku. Si kwamba hafai, ila mpango unaomtegemea mtu aliye Mbagala wakati maji yako Kigogo haujakamilika.

Alama ya kutoka nayo iwe kitu cha kuonekana kwa macho. Chagueni nguzo, ukuta wa daraja la miguu au ngazi ya mfereji iliyo kati yenu na mto, mpake rangi mahali ambapo maji yakifika bado mna njia kavu ya kutoka. Wazee wa mtaa wanajua maji huanzia wapi kuziba njia, waulizeni. Maji yakigusa rangi, mnatoka. Msijadili tena. Usiku wa mvua mtu mmoja mmoja wa nyumba hizo apokezane kwenda kuangalia, na awe na filimbi. Spika ya msikiti ni nzuri sana na nimeona ikiokoa watu, lakini umeme ukikatika inanyamaza. Filimbi na sufuria haziishiwi chaji.

Kwa nini nasisitiza usiku? Hanang, Desemba 3, 2023, matope na mawe yalishuka kutoka mlimani yakaikuta Katesh alfajiri, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Mai Mahiu kule Kenya, Aprili 29, 2024, maji yalifika kabla ya mapambazuko, watu wamo vitandani. Na huku kwetu, wengi tunaikumbuka Desemba 2011. Mvua ilianza kupiga tarehe 20, TMA wakasema jiji halijaona mvua ya namna ile tangu mwaka 1954, tukazika zaidi ya watu 40. Baada ya hapo familia nyingi za bondeni zilihamishiwa Mabwepande. Baadhi zilirudi, kwa kuwa vibarua, shule na wateja wao walibaki mjini. Siwalaumu. Nakiri kwamba dawa ya kweli ya bonde ni kutolala bondeni, na ukipata chumba mahali pa juu kwa kodi unayoiweza, hata kikiwa kidogo, kichukue. Hadi siku hiyo, tuendelee na haya.

Watoto. Februari 16, 2011, mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka Gongo la Mboto, watu walikimbia gizani kila mtu na njia yake, na watoto wengi wakatengana na wazazi wao. Wazazi waliwatafuta kwa uchungu mkubwa. Maji au moto au mabomu, kinachotawanya familia ni kilekile: hawakuwa na mahali pamoja pa kukutania. Chagua sehemu mbili. Moja iwe karibu, ya juu, kama uwanja wa shule au msikiti. Nyingine iwe mbali, nyumba ya ndugu, endapo ya kwanza haifikiki. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuimba namba ya simu ya mama yake kama wimbo, mfundishe. Yule mdogo asiyeweza, mwandikie namba kwa kalamu ya wino upande wa ndani wa nguo. Na katika watoto watatu, mkubwa amshike mdogo mmoja tu. Asipewe mdogo na mzigo.

Sasa ile ndoo. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku mwaka 2019, sioni chombo rahisi kuliko ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Mafundi rangi huziuza kwa bei ndogo zikishatumika. Haipitishi maji, ikifungwa vizuri inaelea, na baadaye inachotea maji. Ndani yake weka vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, kitambulisho cha NIDA, mkataba wa pango, dawa za mama, tochi na betri zake, kiberiti, sabuni, khanga mbili, na hela taslimu za noti ndogondogo. Usitegemee hela ya kwenye simu: mtandao ukikata au wakala akifunga, iliyopo haitoki. Vyeti vyote vipige picha na uzitume kwa dada yako aliye mkoani. Mkataba wa pango usiudharau. Panapotokea fidia au msaada, mpangaji asiye na karatasi ndiye anayeambiwa asubiri.

Maji ya kunywa: kwa watu sita, hesabu lita nne kwa kila mtu kwa siku za kunywa na kupikia. Siku tatu ni lita 72, yaani madumu manne ya lita 20 yaliyojaa na kufungwa, yakawekwa juu. Bado hujanunua kitu.

Umeme: zima meni swichi mapema, mkono mkavu, miguu imekauka. Ukikuta maji yameshafika kwenye soketi, usiguse chochote, toka. Mkishahamia kwa watu na kuna baridi, jiko la mkaa lisiingie chumba kilichofungwa. Hewa yake haina harufu na inaua watu usingizini.

Najua pia kitu ambacho hukukiandika, nimekiona mara nyingi mno. Watu hawatoki kwa sababu ya wezi. Baba anabaki kulinda televisheni na friji, mto unamchukua yeye. Hili halitatuliwi kwa kumwambia mtu kwamba uhai una thamani kuliko vitu. Analijua. Linatatuliwa na mtaa. Nyumba kama 10 za jirani zikubaliane: vitu vya thamani vinapandishwa mapema kwa jirani aliye mahali pa juu, vinaandikwa kwenye daftari, na vijana watatu wanaoaminika, pamoja na polisi jamii kama mnao, wanakaa sehemu kavu wanayoiona njia ya kuingilia. Kitanda kiinueni kwa matofali mawili mawili kila mguu tangu sasa, na nguo zikae juu. Kizingiti cha mlango mkikijenga kirefu zaidi kitazuia maji madogo, ila msikifanye kirefu kiasi cha kuwashinda watoto kukiruka gizani.

Fedha za haya madogo zinaweza kutoka kwenye kikundi chenu. Karibu kila kikundi cha VICOBA, vile vya kuweka na kukopa, kina mfuko wa jamii, na vikundi vya kufa na kuzikana hutoa hela mtu akishafariki. Pelekeni hoja kwamba sehemu ndogo ya mfuko itoke kabla: filimbi, rangi ya alama, nauli ya kumhamisha mgonjwa. Halafu nendeni serikali ya mtaa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa. Mwulize mwenyekiti kamati yenu ina nani na mara ya mwisho ilikaa lini. Ulizeni kwa adabu, mwende akina mama watano. Peleka na majina ya nyumba zenye wazee, wajawazito na wenye ulemavu, kwa ridhaa yao, kwa sababu orodha hiyo ndiyo waokoaji wanayoihitaji wakifika na boti, na mara nyingi hakuna aliye nayo. Namba za kupiga ni 114 kwa Zimamoto na Uokoaji na 112 kwa Polisi.

Mtu akikwambia kwamba filimbi na kupeana zamu ni mambo madogo mbele ya mafuriko, mweleze habari za Bangladesh. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua huko watu wasiopungua 300,000. Baada yake walijenga mtandao wa wanavijiji waliojitolea, wenye bendera, vipaza sauti vya mkononi na baiskeli, wanaopita nyumba kwa nyumba kutoa onyo na kuwahamisha watu. Mwaka 2007 kikaja kimbunga Sidr, kikali sana nacho. Kiliua zaidi ya watu 3,000, na kila mmoja wao ni msiba, lakini linganisha namba hizo mbili. Majengo ya kukimbilia na utabiri bora vilichangia, ila onyo halifiki kitandani kwa mama aliyelala bila mtu wa kugonga mlango.

Maji yakishapungua kuna hatari ya pili. Mabondeni kwetu wapo wanaotapisha vyoo mvua ikinyesha, mavi yanakwenda na maji hadi kwenye sufuria za watu. Hili liongelewe kwenye kikao, limtaje mtu au lisimtaje, kwa sababu kipindupindu hakichagui nyumba. Chemsheni maji ya kunywa hadi yabubujike kwa dakika nzima, au tumieni vidonge vya klorini kama karatasi yake inavyoelekeza. Mtoto akiharisha, anza mara moja kumpa maji safi lita moja yaliyochanganywa na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, kidogo kidogo, huku mkielekea kituo cha afya. Na anayeondoa tope avae mabuti ya mpira, afunge vidonda vyake. Homa ya mgunda iliyowapata watu wa Ruangwa, Lindi, mwaka 2022 husambazwa na mkojo wa wanyama, hasa panya, na panya hutoka mashimoni pamoja na maji.

Dada, kuna jambo la kufanya Jumamosi hii, kabla hata ya kununua ndoo. Giza likishaingia, zimeni taa. Mfunge mama mkwe kwenye kiti kwa khanga, kama atakubali. Akikataa, mwekeeni mzigo wa uzito wake. Waite wale vijana wawili kwa simu, uone kama wanakuja. Mkubwa amshike mdogo, wewe ubebe ndoo yoyote, mtembee hadi uwanja wa shule kwa njia ile mtakayoipita siku yenyewe. Angalia saa mnapotoka mlangoni na mnapofika. Dakika hizo ziandike ukutani kwa chaki, kisha rudi ukaitazame ile nguzo kando ya mto, uone kama alama mliyoipanga inawapa muda huo, au inabidi ishushwe.